Ibenge anavuna vizuri, lakini nani alipanda?

Wandugu, kila mara Fiston Mayele anapofunga bao, hamukosi mutu wa kusema ni kazi ya Florent Ibenge. Mimi namuheshimu sana huyu kocha. Lakini ile sifa tunaigawa vibaya, na hasara yake inafika mpaka hapa Goma.

Tuanze na haki yake. Mwaka 2014 alifikisha AS Vita Club kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Walitoka sare na ES Sétif mara mbili, 2-2 Kinshasa na 1-1 Algeria, kombe likawaponyoka kwa bao la ugenini. Mwaka 2015 Léopards wakawa wa tatu kwenye CAN. Februari 7, 2016, hapa karibu Kigali, wakapiga Mali 3-0 na kubeba CHAN, mashindano ya wale wanaocheza kwa ligi za nchi zao. Mwaka 2022 akabeba Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco. Makocha wetu wenye kazi kama hiyo unawahesabu kwa vidole.

Na ni kweli, washambuliaji wanang'aa kwake. Firmin Mubele alitoka Vita akaenda Qatar, kisha Rennes ya Ufaransa. Mayele alitoka Vita akaenda Yanga, halafu Pyramids ya Misri, na Juni 2025 akafunga kwenye fainali iliyowapa ubingwa wa Afrika.

Lakini muangalie miaka. Mayele alizaliwa Mbuji-Mayi mwaka 1994, akaingia Vita 2019. Huyo ni mwanaume wa karibu miaka 25. Meschack Elia, aliyefunga mabao mawili ya ile fainali ya Kigali, na Jonathan Bolingi, aliyefunga la tatu, hawakuwa wa Vita. Kazi ya Ibenge njo ya kumalizia: anapokea muchezaji mwenye kujua mupira tayari, anamupa nafasi inayomufaa, anamuzungushia wenzake wa kumulisha pasi, anamuamini. Ni kazi kubwa, ila si yeye aliyemukuza.

Mimi nimesoma agronomia. Mutu anayefika shambani wakati wa kupalilia anaweza kuokoa mavuno. Lakini kama mche uliharibikia kwenye kitalu, hata yeye atafanya nini?

Kitalu cha mupira ni kati ya miaka 10 na 16. Kwetu, anayekilinda ni kocha wa kartie, kule Katindo, Majengo, Ndosho, kwa tereni ya mawe ya volkano. Huyo hakuna anayemutaja.

FIFA yenyewe inamutambua. Muchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda ingine, asilimia 5 ya pesa inagawiwa timu zilizomufundisha kati ya miaka 12 na 23. Akiuzwa dola 1,000,000, timu iliyokuwa naye tangu 12 mpaka 15 inastahili dola 10,000. Kwa ekipe ya kartie, hiyo ni mipira na viatu vya miaka mingi. Lakini inalipwa timu iliyoandikishwa, yenye kuonyesha kwamba mutoto alikuwa kwao. Bila karatasi, hamuna kitu.

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Kupeleka mutoto Kinshasa kwa majaribio, ambayo ilikuwa ngumu, ikazidi kuwa ngumu. Kwa hiyo wale makocha wadogo njo tulio nao.

Sisi wenye lisansi, kuandika tunajua. Kila mumoja aende kwa ekipe ya kartie yake na daftari moja: jina la mutoto, tarehe ya kuzaliwa, mwaka aliingia, mwaka alitoka. Halafu tusaidie ekipe iandikishwe kwenye chama cha mupira cha hapa muji. Haiombi pesa nyingi.

Nani ako Katindo? Tuanzie huko.