Karanga za Nachingwea na Makundi ya Simu



Siku hizi ni nadra kuiona nyumba, tangu Kilwa na Lindi mpaka Ruangwa na Nachingwea, ambayo haikuingiwa na simu. Na ndani ya simu hizo mna mabaraza mapya: makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kijiji, ya waliosoma pamoja, ya wakulima wa korosho na ufuta, na vituo vya mawaidha katika YouTube. Kila anayeanzisha baraza la namna hii husema kuwa nia yake ni kuwaunganisha watu. Nia hiyo ni njema, wala sisi hatuilaumu. Tunayoilaumu ni njia.

Aibu ya kwanza ya mabaraza haya ni uchu wa hesabu. Mtu hajajua atawaambia watu nini, keshaanza kuwahesabu. Basi huweka kichwa cha habari cha kutisha: "Sikiliza kabla hakijafutwa!" Ukifungua, hukuti kitu. Au hukata kipande cha dakika moja katika darsa la saa nzima, sheikh akaonekana anamtukana mwenziwe, kumbe alikuwa akiyataja maneno ya mtu mwingine ili ayajibu. Watazamaji huwa maelfu. Ugomvi hutoka katika simu ukaingia msikitini, na katika maelfu hayo hapana hata mmoja aliyejifunza jambo la kumfaa.

Watu wa Nachingwea hawana haja ya kutafutiwa mfano wa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Makusudio yalikuwa kulima zaidi ya eka milioni 3. Matrekta yakaletwa, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa mpaka Nachingwea. Ilipofika mwaka 1951 mradi ukavunjwa kwa hasara ya paundi milioni 36 hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Wale mabwana hawakukosa fedha wala mitambo. Walilolikosa ni kuijua ardhi na mvua yake kabla ya kuilima. Na anayekusanya watu asiowajua, kwa haraka, kwa kelele, analima karanga zile zile.

Sasa tutazame upande wa pili. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907, watu wengi wa bara ya Lindi waliingia katika Uislamu. Je, ni shirika gani lenye mali lililowaendea? Halikuwapo. Kazi ile ilifanywa zaidi na wenyeji wenyewe: walimu wa chuo, watu wa zikri, wenye misikiti midogo ya miti na udongo. Mwalimu wa namna ile alimjua kila mtoto kwa jina la baba yake, na mtoto akikosekana siku mbili mwalimu alikwenda kupiga hodi. Hadhira yake pengine haikuzidi watoto kumi na watano. Lakini wajukuu wa watoto wale ndio wanaojaza misikiti ya Ruangwa leo.

Wala tusidhani kwamba wazee hawakuwa na mitihani yao. Mwaka 1908 ilizuka pale pale Lindi barua iliyokuja kujulikana kuwa ni Barua ya Makka. Ilidai kuwa imetoka katika miji mitukufu, ikaonya kuwa mwisho wa dunia umekaribia, na ikanakiliwa na kupita kutoka mkono hata mkono mpaka serikali ya Kijerumani ikaingiwa na hofu. Aliyeipokea hakumjua aliyeiandika. Aliiamini kwa kuwa alimwamini aliyempa. Basi haifanani hii na ujumbe wa "sambaza kwa watu kumi, usiukate mnyororo"? Tofauti ni mwendo tu. Ile ya 1908 ilitembea kwa miguu. Hii ya leo hufika Nachingwea kabla chai yako haijapoa.

Na mwendo huo una hatari iliyo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tuchukue korosho. Mkulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza kwa chama cha msingi, na mnada husimamiwa kupitia chama kikuu cha RUNALI. Msimu wa 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za wanunuzi, hata serikali ikatangaza kuwa itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Katika siku kama zile, habari moja ni mali. Sasa ukija ujumbe usio na mwenyewe kusema mnada umeahirishwa, au bei imeanguka, mtu mwenye karo ya mtoto shingoni hufanya nini? Humwita mtu wa kangomba usiku, akampa gunia kwa bei ya kutupa. Kesho ikidhihiri kuwa habari ilikuwa uzushi, mkuu wa kundi hujibu: "Nimeituma kama nilivyoipokea." Ndugu yangu, hayo ni majibu ya mtu aliyepewa amana?

Atasema msemaji: "Ukienda polepole hutasikika." Si kweli. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Zilikuwa karatasi ndogo, wala hazikudumu miaka mingi. Lakini alisema jambo alilolijua, akawaambia watu aliowajua, na akaweka jina lake chini. Makala zake zikakusanywa katika kitabu Uwongozi, na mpaka leo zinasomwa. Ni vituo vingapi vya simu vitakavyokumbukwa miaka tisini ijayo?

Kwa hiyo, anayetaka baraza lake lidumu na ajulikane jina lake na dhamana yake. Asitume asilolihakikisha, na akikosea asahihishe pale pale alipokosea, mbele ya wale wale. Anayeuliza ajibiwe. Na juu ya yote, watu wa kundi waonane. Makundi ya watu wa kusini walioko Dar es Salaam tunayoyaona yamesimama ni yale yanayochanga kusafirisha maiti kurudi kwao, yanayokwenda kumtazama mgonjwa, yanayomjua mjane wa mwanachama wao. Simu kwao ni kengele ya kuitana tu. Jumuiya yenyewe iko nje ya simu.

Mkorosho humchukua mpandaji miaka mitatu hivi kabla ya kumpa chochote cha maana, kisha ukawalisha watoto wake.

Basi wewe uliye mkuu wa kundi, leo baada ya Isha usitume kitu. Litazame orodha la watu wako, utafute watatu walionyamaza muda mrefu, uwapigie mmoja mmoja uwaulize hali zao. Huenda mmoja ni mgonjwa, na katika watu wako mia mbili hapana aliyejua.

Wabillahi tawfiq.