Mishindo 318

Wiki hii sileti riwaya. Nimesoma utafiti wa kisayansi, na nataka tuuhakiki kama tunavyohakiki kitabu chochote, maana unatuhusu sisi wa pwani.

Ulichapishwa 2017 katika jarida la Marine Pollution Bulletin, ukiongozwa na Gill Braulik. Machi na Aprili 2015 watafiti walipita pwani yote ya Tanzania, kilomita 2,692, wakiburuta vinasa sauti chini ya maji. Katika saa 231 za kusikiliza walithibitisha milipuko 318 ya uvuvi wa baruti. Karibu asilimia 62 ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Piga hesabu mwenyewe: Zinga tumo.

Mimi nimekulia Zinga. Baruti ikipigwa mbali, ilisikika kama mtu kabamiza mlango mzito. Mama anainua kichwa, kisha anaendelea kukuna nazi. Hakuna aliyekuwa anahesabu. Ndiyo maana namba ile imenishtua kuliko sura nyingi za hadithi: kuna watu walikuja kusikiliza kitu ambacho sisi tulishakizoea.

Sifa kwanza. Utafiti hauna porojo. Boti ya doria haiwezi kuwa kila mahali, lakini mshindo husafiri mbali ndani ya maji, usiku na mchana. Ukishajua unakotoka, unajua doria uipeleke wapi.

Lawama sasa: hamna mtu humo ndani. Kila mlipuko ni nukta tu kwenye ramani. Nani aliwasha utambi? Alikuwa na deni la nani? Na yule samaki mwenye mnofu uliolegea na uti uliovunjika, nani alimnunua akamkaanga jioni ile ile? Swali hili la mwisho jibu lake ninalo. Ni sisi. Nyumbani tulimla, na tulijua.

Utaniambia hiyo si kazi ya sayansi. Kweli, si yake. Ni yetu waandishi, na mbona hatujaifanya? Adam Shafi katika Kuli (1979) alituonyesha jasho la makuli wa bandari ya Zanzibar mpaka kwenye mgomo wa 1948. Riwaya ya kijana aliyesimama ngalawani na chupa ya baruti mkononi, miye bado naitafuta.

Doria zilipokazwa, milipuko ilipungua sana, alhamdulillahi. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu, ndiyo maana vinasa sauti vile virudishwe baharini. Nasi tusikae kimya. Kama wewe ni wa Mlingotini, Kaole au Kunduchi na kisa hiki unakijua kwa ndani, kiandike. Hata kurasa tano tu, nitazisoma.