Pumzi, Roho na Nafasi: Juu ya Kufasiri Neno la Kiingereza "Breath" huko Fizi na Baraka

Neno "breath" ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kiingereza hudhani ameyamaliza siku ile ile anapokutana nayo. Hulitafuta katika kamusi, hupewa "pumzi", kisha hufunga kitabu. Kosa si lake. Kamusi za lugha mbili zinazotumika katika Afrika ya Mashariki, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi zile za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, zimejengwa juu ya imani kwamba kila kidahizo kina mwenzake mkuu katika lugha ya pili, na kwamba maana nyingine zote ni nyongeza. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Kwa neno hili, zile zinazoitwa nyongeza ndizo zinazotumika kila siku, na Kiswahili kimezigawa kwa maneno ambayo mengi yake hayafanani kabisa na "pumzi".

Wilaya ya Fizi, na hasa mji wa Baraka ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, inafaa sana kwa uchunguzi wa aina hii. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kibembe. Lugha ya soko na bandari ni Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Shule na utawala hutumia Kifaransa. Kiingereza kimeingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya darasani. Ya pili ilipita ng'ambo ya ziwa: vita vya mwaka 1996 viliwasukuma watu wengi wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma, katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, na kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha Baraka. Waliorudi walileta Kiswahili cha Kigoma na Kiingereza cha ofisi za misaada. Kwa hiyo katika nyumba moja bibi husema "kupumuzika", mjukuu husema "kupumzika", na mjomba aliyewahi kuwa mkalimani kambini husema "take a breather" akidhani ametaja jambo la tatu.

Kumbe yote matatu ni jambo moja, na hapo ndipo uchambuzi unapopaswa kuanzia. Kiswahili kina kitenzi "pumua", jina "pumzi" na kitenzi "pumzika". Mzungumzaji wa kawaida hafikiri kwamba kupumzika ni kupata pumzi, kwa kuwa sitiari hiyo imezama ndani ya mnyambuliko wa neno. Kiingereza kimeiacha juu juu: "to take a breather", "to catch one's breath". Lingala, inayosikika Fizi kwa njia ya muziki na ya majeshi, haikutenganisha hata kidogo. "Kopema" ni kupumua, na "kopema" ni kupumzika. Kuhusu umbo la Fizi, "pumuzi" na "pumuzika", walimu wengi hulisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama wanavyosahihisha "mutu" na "mutoto". Sheria ya tahajia sanifu wanayo upande wao. Hata hivyo ifahamike kwamba umbo hilo linaonyesha undugu wa "pumuzi" na "pumua" waziwazi kuliko umbo sanifu, na mwalimu mwenye busara angelitumia kufundishia mnyambuliko kabla ya kulifuta.

Historia ya neno la Kiingereza nayo husaidia, ingawa si kwa kirefu. Katika Kiingereza cha kale neno lililozaa "breath" lilikuwa na maana ya harufu na mvuke. Pumzi yenyewe iliitwa kwa neno jingine ambalo limekufa. Ndiyo maana hadi leo "bad breath" ni harufu, wala si hitilafu ya mapafu. Mwanafunzi anayeandika "pumzi mbaya" amefasiri neno akaacha kitu chenyewe. Kiswahili hutaja mahali panapotoka harufu, yaani kinywa: kinywa chake kinanuka, au kwa adabu zaidi, ana harufu kinywani.

Misemo mingine hufuata mkondo huo huo wa kutawanyika. Mtu aliye "out of breath" baada ya kupanda kutoka Baraka kwenda Fizi, njia inayoacha ziwa na kuingia milimani, kwa Kiswahili anahema au anatweta. Pumzi haitajwi, kwa sababu kitenzi kimekwisha kuibeba. Anayesema "under his breath" ananong'ona, au anasema chini kwa chini. Na ikiwa hasikiki kabisa, asema kimoyomoyo. "Save your breath" haihusu pumzi bali maneno: usipoteze maneno yako, wengine husema mate. Jambo ambalo "takes your breath away" humwacha Mswahili ameduwaa, kinywa wazi. Msimamizi ambaye "breathes down your neck" amekukalia kooni. Mambo mawili yasemwayo "in the same breath" yamesemwa kwa kauli hiyo hiyo. Na yule aonywaye "don't hold your breath" haambiwi habari za kubana pumzi. Anaambiwa asitarajie, maana atangoja sana. Tafsiri sisisi ya msemo huu wa mwisho ni ya hatari kidogo, kwa vile "usibane pumzi" ni agizo halali kabisa ambalo mganga aweza kumpa mgonjwa anayechunguzwa kifua.

Upo msemo mmoja tu ambapo lugha hizi mbili hukutana kwa karibu. Anayepokea habari njema baada ya hofu, kwa Kiingereza "breathes a sigh of relief". Kwa Kiswahili hushusha pumzi. Kitenzi "kushusha" ni kizuri kuliko cha Kiingereza, kwani humfanya mtu kuwa mchukuzi na pumzi kuwa mzigo aliokuwa ameubeba.

Halafu lipo neno "nafasi". Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo ni jamaa wa "nafas", yaani pumzi. Kiswahili kikaligeuza kuwa mahali, wakati na fursa. Kinachoitwa "breathing space" kwa Kiingereza, maneno mawili yenye picha ya wazi, kwa Kiswahili ni neno moja ambalo picha yake imefutika. Mama muuza samaki wa Baraka anapowaambia wateja wampe nafasi, anaomba pumzi bila kujua. Pumzi ya Kiarabu ilipata pia kitenzi, "tanafusi", ambacho leo hukutwa zaidi katika kamusi kuliko katika midomo ya watu.

Hayo yote yangeweza kubaki mchezo wa wanaisimu. Hayabaki hivyo mgonjwa anapofika zahanati. Tangu miaka ya vita, hospitali na vituo vya afya vya eneo hili vimefanya kazi pamoja na madaktari wageni wa mashirika ya kimataifa, wanaosema Kifaransa au Kiingereza, na kati yao na mgonjwa huketi mkalimani. Mgonjwa wa Fizi anaposema "roho inaniuma" au "roho inapiga mbio", mara nyingi anataja moyo, kiungo kilicho kifuani. Hivyo ndivyo neno linavyotumika katika Kiswahili cha Kongo. Mkalimani aliyejifunza maana ya pwani kutoka kamusini, ambako "roho" huanza na uhai na kile kisichoonekana, aweza kupeleka kwa daktari habari za huzuni, wakati mgonjwa ameleta habari za moyo. Kinyume chake, daktari akiuliza kama kuna "shortness of breath", swali likafasiriwa "una pumzi fupi?", mgonjwa atashangaa, kwa kuwa pumzi haipimwi kwa urefu. Ataelewa akiulizwa kama anakosa pumzi, kama kifua kinambana, kama anahema hata akiwa ameketi. Maswali matatu mahali pa moja: huo ndio ufasiri sahihi, wala usihesabiwe kuwa ni maneno mengi. Kamusi inayotoa neno moja humnyima mkalimani maswali mawili yaliyobaki.

Fizi ina kumbukumbu ya zamani ya jambo hili. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akatua Kibamba, katika wilaya hii hii, kuwasaidia wapiganaji wa mashariki. Akaondoka mwezi Novemba mwaka huo huo. Jina lake la vita lilikuwa neno la Kiswahili, Tatu, na kijana Mkongo, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili na kumfasiria. Guevara alikuwa daktari, naye alikuwa na pumu tangu utotoni. Kwa Kiingereza na Kihispania ugonjwa huo huitwa kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kutweta, ambayo msemaji wa leo haisikii tena ndani yake. "Pumu" haihitaji mwalimu. Anayejua "pumua" amekwisha kuambiwa ugonjwa uko wapi. Katika milima hiyo hiyo, baada ya mwaka 1967, chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila kiliita makao yake Hewa Bora. Kiingereza kingesema "a breath of fresh air". Kiswahili hakikuhitaji pumzi. Kilitaja kile kinachovutwa, si tendo la kukivuta, kama kinavyofanya katika "kupunga hewa". Hakika jina hilo ni zuri; kama maisha ya walioishi chini yake yalilingana nalo ni swali la wanahistoria.

Mwaka 2020 neno hili lilipata uzito mpya duniani. George Floyd alikufa tarehe 25 Mei katika mji wa Minneapolis, polisi akiwa amemkandamiza shingoni kwa goti, akisema "I can't breathe", maneno ambayo Eric Garner alikuwa amekwisha kuyasema New York tarehe 17 Julai 2014. Vyombo vya habari vya Kiswahili vilifasiri "siwezi kupumua". Yafaa kuitazama tafsiri hii kwa makini. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, "siwezi" peke yake humaanisha "mimi mgonjwa". Udhaifu umo ndani ya msemaji. Lakini hapa udhaifu haukuwa ndani, kulikuwa na goti la mtu. Kiswahili kilikuwa na njia nyingine: "nabanwa pumzi", kauli ya kutendwa ambayo humtafuta mtendaji, au usemi wa kale "kukaba roho", ambamo roho ni koo, na mkono wa mkabaji unaonekana. Je, watafsiri walikosea? La. Maneno ya Floyd yalikuwa ombi, hayakuwa mashtaka, na Kiingereza chenyewe hakikumtaja mtendaji; "siwezi kupumua" ilihifadhi unyonge huo kama ulivyosikika. Kasoro ilikuwa katika maelezo yaliyofuata, pale wachambuzi walipoendelea kurudia "siwezi kupumua" hata walipokuwa wakieleza kisa kwa maneno yao wenyewe. Hapo "alikabwa roho" ingesema kweli zaidi, na ingesemwa kwa Kiswahili.

Kuhusu kifo, Kiingereza husema mtu "breathed his last", na kwa neno la Kilatini husema "expired", neno ambalo huandikwa vilevile juu ya leseni na pasipoti zilizopitwa na wakati. Kiswahili hukata roho. Msemaji wa Fizi, ambaye roho yake ni moyo pia, husikia katika usemi huo kitu cha mwilini zaidi kuliko anavyosikia mtu wa Unguja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilitungwa kwa ajili ya lugha moja ya pamoja, na lengo hilo lilikuwa jema; ila maana ya Kongo ya "roho" inasemwa na watu wengi mno kuachwa nje au kuitwa kosa. Inastahili kuandikwa chini ya kidahizo hicho, na alama ya mahali inapotumika.

Watafsiri wa Maandiko walikumbana na ugumu huu mapema. Neno la Kiebrania "ruach" na la Kigiriki "pneuma" kila moja hubeba upepo, pumzi na roho kwa pamoja. Kiswahili kililazimika kuchagua mahali hadi mahali, kikamwita Roho Mtakatifu kwa neno lililotoka Kiarabu. Kinyarwanda kilichukua "umwuka", ambalo ni pumzi na mvuke. Kirundi kikachukua "mpwemu". Wakimbizi wa Burundi waliopokelewa Lusenda, katika wilaya ya Fizi, tangu mwaka 2015, wamelileta neno hilo karibu kabisa na Baraka. Mwanafunzi wa Fizi anayesikia "Mpwemu" kwa jirani yake, "kopema" redioni, "souffle" darasani na "pumuzi" kwa bibi yake ana vifaa vya kulifasiri neno "breath" ambavyo mtunzi wa kamusi mezani kwake hakuwa navyo. Hadi sasa mtihani humwuliza neno moja tu.