Heko, fundi wa springi

Uzee wa gari huonekana kwenye mkao kabla ya rangi. Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hukalia springi za majani mbele na nyuma, na nyingi zikichoka hulalia upande wa dereva. Huko ndiko mtu hukaa kila safari, hata gari likiwa tupu. Kiwanda kililijua hilo, ndiyo maana springi ya kulia na ya kushoto huwa hazilingani. Muuza vipuri asiyeuliza unataka ya upande gani, mwache.

Fundi ninayemsifu haanzi na nyundo. Huuliza kwanza: gari litabeba nini? Wenye magari, hasa vijana, hutaka liinuliwe sana. Naye huwaeleza kwa upole kwamba likipanda mno, propela shafti hukaa upogo, krosi hufa mapema, na shokapu za zamani huwa fupi. Kukunja upya majani yaliyolala ni nafuu, lakini hulala tena. Mimi ningenunua mapya.

Ila ufundi wenyewe uko kwenye bolti za bushi. Hazikazi gari likiwa juu ya jeki. Hulishusha, hulitikisa, uzito ukae wote kwenye magurudumu, ndipo akaze. Asipofanya hivyo, mpira wa bushi hubaki umejipinda na kuchanika upesi. Mwisho hupima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadi, kila kona, kisha humwagiza mteja arudi baada ya siku chache kukaziwa yubolti.