Pongezi kwa Mabwana Afya wa Nsemulwa

Kazi ya bwana afya haina makofi. Akiifanya vizuri, hakuna anayeugua, na asiyeugua hamkumbuki. Ndiyo maana leo nawapongeza waziwazi maafisa afya wanaohudumia kata yetu ya Nsemulwa na Manispaa nzima ya Mpanda, mkoani Katavi.

Kwa mama lishe huanzia kwenye ndoo ya maji ya kunawa: ina bomba? Sabuni ipo? Kisha huomba cheti cha kupimwa afya. Watu wakiharisha baada ya shughuli, maswali ni yaleyale: mlikula nini, saa ngapi, nani mwingine alikula? Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inataka magonjwa ya kuambukiza kama kipindupindu yatolewe taarifa, na nguvu ya sheria hiyo iko kwenye maswali haya.

Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 68 waugue, na 20 kati yao wakafa. Chanzo kilijulikana kwa sababu wahudumu walitoa taarifa, na wataalamu wakaenda hadi majumbani kuchukua sampuli za unga. Sisi Katavi tunalima na kula mahindi. Somo hilo linatuhusu mno.

Basi tuwarahisishie kazi. Watu wawili waliokula pamoja wakiugua, msiishie kununua dawa dukani. Nendeni zahanati, semeni mlichokula, na mabaki msiyatupe kabla bwana afya hajayaona.