Uzamili wa Watumishi wa Afya: Cheti cha Mtu au Chombo cha Umma?

Elimu yoyote inayolipiwa kwa jasho la umma haina budi kuulizwa swali moja: inamtumikia nani? Swali hili linaihusu pia elimu ya uzamili ya wauguzi, wakunga, matabibu, wafamasia na maofisa ustawi wa jamii ambao wamekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, kisha wakarudi darasani ili waweze kuchunguza, kuamua na kutibu mambo ambayo zamani yaliachiwa daktari peke yake. Sisi tunaiunga mkono elimu hiyo. Tunachokipinga ni fikra inayoipima kwa karatasi badala ya kuipima kwa kazi.

Fikra hiyo inaonekana katika maandishi mawili yenye nguvu duniani. Mwaka 2017 ulitolewa mwongozo kwa ajili ya watumishi wa afya wa England, ambao unaisimamisha kazi ya ngazi ya juu juu ya nguzo nne: kumhudumia mgonjwa, uongozi, ufundishaji na utafiti. Kiwango chake ni shahada ya uzamili au elimu inayolingana nayo. Mwaka 2020 Baraza la Kimataifa la Wauguzi nalo likatoa mwongozo unaotaka shahada ya uzamili iwe kiwango cha chini kwa muuguzi wa ngazi hiyo.

Tuwe wakweli: mna mambo mema ndani yake. Nguzo nne zinamkataza mtaalamu kujifungia na ujuzi wake. Anayetibu lazima afundishe wenzake na achunguze kazi yake mwenyewe. Tena mwongozo wa England unazikusanya fani nyingi, si uuguzi tu. Kwa njia hiyo unaubomoa ukiritimba wa fani moja juu ya maarifa ya tiba.

Kasoro yake ni kwamba cheti kimewekwa mlangoni, na mahitaji ya wananchi yakawekwa nyuma. Historia yetu ilianza upande wa pili. Tangu mwaka 1963 nchi hii iliwafundisha madaktari wasaidizi. Matabibu waliokwisha kufanya kazi walirudishwa chuoni, wakapata stashahada ya juu, wakapewa na ruhusa ya kufanya upasuaji, pamoja na ule wa kumwokoa mama mjamzito na mtoto wake. Utafiti wa hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakupishana kwa maana yoyote na ya madaktari wenye shahada. Wenzetu wa Msumbiji walianza mwaka 1984 kuwafundisha mafundi wa upasuaji. Utafiti wa mwaka 2007 ulikuta kwamba baada ya miaka 7, 88 katika kila 100 kati yao walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliopangwa huko, hakuna hata mmoja aliyebaki.

Hata hivyo asitokee mtu akasema kwamba elimu ndogo inawatosha watu wa vijijini. Hayo ni mawazo ya kitabaka: shahada kwa mji, stashahada kwa shamba. Ubaya wa njia ile ya zamani ni kwamba stashahada ya juu haikuhesabiwa kuwa shahada, japo iliyabeba majukumu mazito. Yale maneno "elimu inayolingana nayo" katika mwongozo wa England ni mlango ambao sisi tungeweza kuupanua: kazi iliyofanywa vyema wilayani ihesabiwe kuwa sehemu ya elimu yenyewe.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza, na wenzake kazini waseme kama anafaa, ndipo aingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo uliachwa katika miaka ya 1980, lakini hoja yake haijafa. Uzamili wa watumishi wa afya ni mahali inapofaa zaidi, maana hakuna ujuzi wa juu wa kuhudumia wagonjwa pasipo miaka ya kuwahudumia.

Kwa hiyo tunapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, mwanafunzi achaguliwe vipi? Achaguliwe kutokana na kazi yake na upungufu wa mahali atokapo, si kwa uwezo wake wa kujilipia karo. Pili, ajifunze wapi? Tasnifu yake ichunguze tatizo la wilaya yake, na muuguzi akae darasa moja na ofisa ustawi wa jamii. Mgonjwa wa kifua kikuu asiye na chakula nyumbani hagawanyiki mara mbili, upande mmoja wa wizara hii na upande mwingine wa ile. Tatu, arudi na mamlaka gani? Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe. Muuguzi aliyefundishwa kupima na kuamua, kisha akarudishwa wodini chini ya mipaka ile ile, elimu yake imefungiwa kabatini. Na yule anayetolewa wodini akapewa meza ya kutia sahihi likizo za wenzake, wagonjwa wamempoteza mara mbili: alipokwenda kusoma, na aliporudi.

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Amali hapa haitegemei moyo wa mtu mmoja tu. Inataka sheria, muundo wa utumishi, dawa na vifaa. Makada walioko katika halmashauri wanapopokea orodha ya watumishi wanaokwenda masomoni, wadai na orodha ya pili: kazi gani mpya kila mmoja ataruhusiwa kuifanya siku atakaporudi. Orodha hiyo ya pili isipokuwapo, umma umelipia cheti cha mtu.