Injini Iliyopata Moto: Namna ya Kuitambua Mashine Bora ya Kuchomelea ya Dizeli

Mnunuzi wa mashine ya kuchomelea ya dizeli hapa Kintinku, wilayani Manyoni, akishafunuliwa boneti, huuliza kwanza: "Haichemshi hii?" Swali ni la haki. Jua la Manyoni ni kali, na malori yanayopanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka bondeni huku yamewafundisha watu kuogopa mvuke wa rejeta. Lakini kwa mashine ya kuchomelea kuna swali lenye uzito zaidi: "Hii huwa inapata moto?" Injini inayochemsha hupiga kelele, geji hupanda, na fundi huizima. Injini inayofanya kazi ikiwa ya baridi haimwonyi mtu. Inaunguruma vizuri msimu baada ya msimu, huku ringi zikikwama na silinda ikiharibika.

Nani anazihitaji mashine hizi? Umeme wa gridi umefika vijiji vingi, lakini kazi za kuchomelea haziletwi zote penye mita. Plau imevunjika katikati ya jaruba la mpunga, tela limepasuka ekseli njiani, tangi la kisima linavuja porini, mashine ya kukamua alizeti haibebeki. Fundi mwenye mashine inayovutwa au kupakiwa kwenye pikapu ndiye anayeitwa. Kwa hiyo kuijua mashine nzuri ni kujua riziki ya mtu, na kipimo changu cha kwanza ni joto lake la kazi.

Ubaridi unavyoharibu

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha. Tangu Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, kanuni haijabadilika: hewa hubanwa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Injini ndogo za Kubota zinazofungwa kwenye mashine nyingi za kuchomelea hubana hewa zaidi ya mara 20. Joto hilo hutegemea kuta za silinda. Zikiwa za baridi, hewa hupoteza joto kwazo, na mafuta yanayozigusa hayaungui yote.

Mafuta yasiyoungua yana njia tatu. Mengine hutoka kama moshi mweupe unaowasha macho, yakichanganyika na oili na masizi kuwa ute mweusi kwenye ekzosi. Mengine huosha oili kwenye ukuta wa silinda na kushuka hadi kwenye sampu, oili ikawa nyepesi. Mengine hugeuka masizi magumu nyuma ya ringi. Ringi hushikwa, kompresheni hupungua, na injini iliyopungua kompresheni huzidi kushindwa kuunguza mafuta. Mambo yakifika hapo, ugonjwa unajilisha wenyewe.

Kuna maji pia. Kila lita ya dizeli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Injini ya moto huyatoa yote kama mvuke. Injini ya baridi huyaacha mengine yapite kwenye ringi na kutulia ndani ya oili, na yakikutana na salfa ya mafuta huwa asidi inayokula chuma. Salfa imepungua sana tangu mwaka 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoteremsha kiwango cha dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Maji hayakupungua.

Hesabu ambayo wauzaji hawaifanyi

Kwa nini mashine ya kuchomelea ipate shida hii kuliko pampu au mashine ya kusaga? Ni kwa sababu haina mzigo wa kudumu. Fundi anayechomelea fremu ya plau hupanga vyuma, hushikiza, huunguza kijiti, hugonga slagi, hukagua, hugeuza, hupanga tena. Muda ambao moto wa kijiti unawaka ni sehemu ndogo ya saa. Muda uliobaki injini inazunguka bure.

Hata kijiti kinapowaka, tazama mzigo wenyewe. Kijiti cha geji 10, yaani milimita 3.2, hutumia ampea 110 hivi kwa volti zinazokaribia 25. Hizo ni kilowati 2.7. Jumlisha upotevu wa jenereta, injini inadaiwa kilowati 5 au pungufu. Sasa chukua mashine kubwa ya ampea 400 yenye injini ya farasi 30, ambazo ni kilowati 22. Kijiti kikiwa kinawaka, injini hiyo iko chini ya robo ya uwezo wake. Kijiti kikizimika, haina kazi kabisa. Mafundi wa jenereta hupenda dizeli isikae muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake. Kununua farasi 30 ili uchomelee milango na plau ni kuchemsha chai ya mtu mmoja kwa sufuria ya harusi.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza hutolewa kabla injini haijawashwa: je, ukubwa wake unalingana na vijiti unavyochoma kila siku? Injini ndogo inayofanya kazi ni bora kuliko kubwa inayolala.

Aina tatu utakazokutana nazo

Ya kwanza ni ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, ya jamii ya 186FA kutoka China, ujazo wake kama sentimita za ujazo 418, nguvu farasi 9 hadi 10, mizunguko 3,000 kwa dakika. Ina kelele na haiishi miaka mingi. Lakini hupata moto upesi, na kijiti cha geji 10 kinaifanyisha kazi kwelikweli. Kasoro ya kutazama ni bati la kuongoza upepo: likiwa limetolewa au limepasuka, upande mmoja wa silinda hupoa kupita kiasi na mwingine huungua.

Ya pili ni ile ya tangi la maji juu ya silinda, kama S195 ya farasi 12, ndugu ya injini za kusagia unga, iliyofungwa mkanda kwenye jenereta. Wengi huidharau, ilhali kwa suala la joto ni mwalimu. Maji yake yakishachemka hayazidi hapo wala hayashuki. Kwenye mwinuko huu wa mita 800 na ushee hukaa karibu nyuzi 97. Ikichemka iko sawa, mradi maji yaongezwe. Huharibiwa na fundi anayemimina maji baridi kila dakika au kuunganisha mpira wa bomba upitishe maji mfululizo. Kasoro nyingine ni magaga ya chumvi ndani ya tangi. Bonde la Bahi, tuliko sisi, halina mto wa kuyapeleka maji baharini; hukauka papo hapo na chumvi hubaki, hivyo visima vingi vya ukanda huu si rafiki wa injini. Ingiza mkono tangini ukwaruze kwa kucha. Ukitoka na unga mweupe mgumu, punguza bei. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ndiyo mazuri.

Ya tatu ni yenye rejeta na silinda mbili hadi nne, kwa kawaida Kubota au Perkins, nyingi zikija kama mtumba. Hizi ndizo bora zikiwa nzima, na ndizo zinazofichwa ubaridi zaidi.

Namna ya kuijaribu

Ikute imepoa. Weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa; ikiwa vuguvugu, muuzaji ameshaipasha, rudi kesho asubuhi. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyopanda juu ya alama bila kuongezwa, nyepesi na yenye harufu ya dizeli, ni ushahidi tosha. Fungua kifuniko cha kuongezea oili: krimu nyeupe chini yake ni maji yaliyokosa joto la kuyafukuza.

Kisha nenda kwenye ekzosi. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa bomba. Masizi makavu ya kijivu au meusi yanayofutika kama vumbi ni habari njema. Ute mweusi unaong'aa, unaoshika kidole na kuacha mafuta, unaeleza maisha ya mashine hiyo kuliko kitabu chake. Fuata na viungo vya bomba kwenye silinda hedi; michirizi myeusi iliyoteremka nje kwenye gasketi ya ekzosi ni shahidi wa pili. Mashine iliyopakwa rangi mpya hapo tu ina jambo.

Sasa iwashwe. Moshi mweupe wa dakika za mwanzo, hasa asubuhi za Juni na Julai, ni wa kawaida. Usiokwisha baada ya kuchomelea kwa dakika 10 ni kasoro.

Tangu inapowashwa, shika mpira wa juu wa rejeta, mbali na feni. Hapa ndipo mnunuzi mzoefu hutulia. Kwenye injini nzima mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa ilhali silinda hedi imeshapata moto. Halafu ghafla joto linaingia, na ndani ya muda mfupi huwezi kuushika. Thamostati, mlango unaozuia maji ya injini yasifike kwenye rejeta kabla hayajapata moto, imefunguka. Ya Kubota D1105, kwa mfano, huanza kufunguka karibu nyuzi 71 na kumaliza nyuzi 85. Mpira ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo na kuishia hapo, thamostati haimo au imekwama wazi.

Maliza kwa mzigo. Choma vijiti vinene mfululizo, au washa hita za maji kwenye soketi za mashine, kwa nusu saa. Injini nzima itakuwa na sauti nzito, moshi usioonekana, na geji iliyotulia. Iliyoathirika kidogo itatoa moshi mwingi, kisha itajisafisha. Isiyosafishika hata baada ya saa kadhaa za mzigo mzito imeng'arishwa silinda. Hiyo ni ya kushusha injini, na gharama hiyo itoke kwenye bei.

Kosa la thamostati

Mafundi wetu wengi huitoa thamostati na kuitupa, wakisema nchi ya joto haiihitaji. Natamani tabia hii ikome. Jua la Kintinku likifika nyuzi 33, bado ni chini ya nusu ya joto ambalo maji ya injini yanapaswa kuwa nalo. Tena kwenye injini ambazo thamostati hufunga pia njia ya mkato ya maji, kuitoa huruhusu maji ya moto yazunguke bila kupita kwenye rejeta, na mashine huweza kuchemsha ikibebeshwa mzigo. Ukitilia shaka thamostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, washa jiko, uone inafunguka nyuzi ngapi. Mbovu hubadilishwa kwa nyingine. Nafasi haiachwi tupu.

Ukishainunua

Usiiache iungurume wakati unapanga vyuma. Andaa kazi kwanza, washa, choma, zima. Kama ina kifaa cha kushusha mizunguko kijiti kinapopumzika, kitumie kuokoa mafuta, lakini kisiwe kisingizio cha kuiacha ikizunguka bure mchana kutwa. Ikibidi siku nzima iwe ya vijiti vyembamba, mwisho wa kazi ipe mzigo mzito wa nusu saa mpaka ekzosi ikauke. Badilisha oili kwa saa za mashine, na mapema zaidi ikinuka dizeli.

Kati ya mashine mbili za bei moja, chukua yenye ekzosi kavu, thamostati mahali pake na injini inayolingana na vijiti vyako, hata kama rangi imechubuka. Na ukikuta thamostati haimo, nunua mpya uifunge kabla ya kazi ya kwanza.